Kuiweka DMSO kavu hapa Unguja

Nyie mnaofanya kemia ya organiki maabara za hapa visiwani, DMSO, yani dimethaili salfoksaidi, kile kiyeyushi cha maabara, haiharibiwi na joto letu hili, inachemkia nyuzi 189 bwana. Kinachoiharibu ni unyevu. Inanywa maji ya hewani kama chumvi iloachwa wazi jikoni masika, na ukija kufanya oksidesheni ya Swern nayo (ile ya kugeuza alkoholi kuwa aldehaidi au ketoni), oksalaili kloraidi, kemikali inayoiamsha DMSO, inamalizwa na maji na alkoholi yako inabaki vilevile.

Kwa hiyo nunua chupa ndogondogo, lita nzima ya nini. Tia vipunje vya molekyula sivu, vile vyenye vitundu vidogo vinavyonasa maji, vya 3A au 4A (ndo ukubwa wa vitundu), lakini uvichome kwanza kwenye tanuru nyuzi 300 hivi kwa masaa kadhaa, maana vikitoka dukani vishakunywa maji yao tayari, halafu vipoe ndani ya desiketa, lile chombo lisiloingiza unyevu, sio juu ya meza. Viache kwenye DMSO siku moja au mbili. Ziba chupa kwa septa, yani kizibo cha mpira kinachotobolewa na sindano, ukitaka kuchota tumia sindano kavu na puto la naitrojeni, usifungue kifuniko.

DMSO safi inaganda nyuzi 18.5, so ukiikuta imekuwa jiwe kwenye chumba chenye AC kali usishtuke, itie kwenye maji ya uvuguvugu, moto hapana. Mie huo mgando nautumia kupimia pia: ikiwa kavu inaganda friji bila tabu (ingawa saa nyengine inachelewa, itikise kidogo), ikikataa kabisa ujue ishalewa maji. Ila chupa ikitoka friji usiifungue ikiwa baridi, subiri ipate joto la chumba, la sivyo umande wote unaingia ndani.

Mikono sasa. DMSO yenyewe sio sumu kali, tatizo inapenya ngozi haraka na inabeba chochote kilichoyeyuka ndani yake, na mdomoni utasikia ladha ya kitunguu thomu. Vaa glavu za naitrili na uzibadilishe zikirowa tu, kazi ndefu tafuta za butaili.

Na tafadhali, kuna watu wanaikausha kwa sodiamu haidraidi wakaipasha moto. Mchanganyiko huo ushalipua maabara za watu, vilevile oksalaili kloraidi usiimimine kwenye DMSO joto la chumba, Swern inafanywa nyuzi -78 ndani ya dikloromethani. Barafu kavu ya kukufikisha kwenye baridi hiyo ukiikosa mjini, ahirisha.