Utitiri wa vumbi kitandani: kuua peke yake hakutoshi

Ukiamka alfajiri ukapiga chafya mfululizo, pua inatiririka na macho yanawasha, kisha ikifika saa nne umetulia, shuku mto wa kulalia kabla ya kulaumu upepo wa bahari. Ndani ya mto na godoro huishi utitiri wa vumbi, jamaa wa kupe na utitiri wa kuku, wadudu wa miguu minane wenye urefu wa robo milimita hivi. Kwa macho huwaoni. Hawaumi wala hawanyonyi damu. Vipele vilivyopangana mstari ni kazi ya kunguni, na dawa yake ni nyingine. Hawa hula magamba ya ngozi yetu. Kinachokutoa chafya hasa ni mavi yao, yanayotimka kila unapogeuka usingizini.

Kwa hiyo aliyeua wadudu akaacha mavi bado hajafanya kitu. Kazi ni mbili: kuua, na kuondoa.

Hawanywi maji, hunyonya unyevu wa hewa. Hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa muda mrefu hukauka wakafa, ila Tanga hewa ya nje iko juu ya hapo karibu mwaka mzima, na masika ndiyo zaidi. Feni haikaushi hewa, inapuliza tu, na mapanga yake yasipofutwa yanamwaga vumbi kitandani. Nguvu yako iweke kwenye kufua na kufunika.

Shuka na foronya fua kila wiki, kwa maji yasiyopungua nyuzi 60. Huna kipimajoto? Kwenye ndoo imara ya plastiki changanya lita 9 za maji yanayochemka na lita 6 za bomba. Utapata kama nyuzi 70. Zamisha shuka zikiwa kavu, bonyeza kwa mti, funika, acha dakika 20, ndipo ufue kwa sabuni na kusuuza maji mawili. Watoto wakae mbali na ndoo. Kanga huchuja rangi kwenye maji ya moto, basi ziloweke peke yake. Maji baridi huondoa mavi mengi lakini wadudu wengi hubaki hai. Ukiyatumia, zipige shuka pasi ya moto zikishakauka. Mwanasesere wa mtoto mtie kwenye mfuko, mlaze kwenye friza saa 24, kisha mfue. Hatua ya kufua ndiyo inayosahauliwa.

Godoro halifuliki, kwa hiyo livalishe. Kwa godoro la sponji la futi 5 kwa 6, unene inchi 6, fundi akate vipande viwili vya inchi 62 kwa 74 na mkanda wa inchi 8 wa kuzunguka pande zote. Zipu iwe ya futi 7, ishike upande wa futi 5 na kukunja pembe futi moja kila upande. Fupi zaidi ya hapo mtachana kitambaa mkilivalisha. Kitambaa kifumwe kwa kubana: kiinue juani, ukiona vitundu vya mwanga kirudishe dukani. Kifue kabla ya kukatwa, la sivyo kitajikunja baadaye na godoro halitaingia. Mto nao uvalishwe hivyo hivyo. Wa sufi ni mtihani, maana sufi ikilowa hugandana mabonge. Mwenye pumu atumie mto wa kufulika.

Kuanika godoro kunasaidia, ila kwa utaratibu. Litoe saa nne, lifunike nguo nyeusi ili lipate joto na jua lisiichome sponji ikawa ya njano na kumeguka, ligeuze saa saba. Saa tisa likung'ute hapo hapo nje, mkung'utaji akiwa amefunga pua na si yule mwenye mzio, kisha liingize kabla upepo wa jioni haujalirudishia unyevu. Asubuhi usikimbilie kutandika. Acha jasho la usiku likauke kwanza. Sakafu ideki kwa tambara bichi, maana ufagio mkavu hupandisha vumbi kitandani.

Udi na ubani ni raha ya chumba, si dawa: moshi hauwaondoi na kifua chenye pumu huubana. Dawa ya kupuliza ya mbu vivyo hivyo.

Usitarajie nafuu kesho. Mavi ya zamani huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kupungua. Anayekohoa usiku au kutoa mlio kifuani aende hospitali, na dawa yake ya kuvuta asiiache kwa sababu godoro limevaa kava.

Chandarua chenye dawa kisipitie ndoo ya moto. Kifue kwa maji baridi na sabuni laini, ukianike kivulini, kwani joto na jua huondoa dawa, na mbu wa Tanga hawasubiri.