Ubishi wa mpira ukigeuka ubishi wa corona: namna ya kuurudisha uwanjani

Kama una kijiwe chako cha mpira unalijua hili. Mnaanza na Liverpool ya enzi za Klopp na Manchester City ya Guardiola, dakika kumi mbele mtu kashaonyesha klipu ya mchezaji kaanguka uwanjani, mwingine anasema chanjo hiyo, wa tatu anauliza we ulichanja au ulipiga nyungu, yaani kujifukiza mvuke, na mpira umekufa hapo hapo, watu wawili hawasalimiani wiki nzima. Kwetu imetokea mara nyingi mpaka nikaamua kukaa chini nitafute ukweli wa hivi vitu vinavyorushwa. Hapa naandika ninavyofanya siku hizi, na mara nyingi inasaidia.

Cha kwanza, sikiliza corona imeingilia wapi. Haiingii hewani tu, kuna sentensi moja imeileta. Ukiikamata hiyo sentensi ukaijibu kama swali la mpira, nusu ya kazi umemaliza. Ukirukia kujibu habari za chanjo moja kwa moja, ushaliwa.

Kwetu sentensi inayokuja zaidi ni "ule ubingwa wa Liverpool wa corona", yaani ule wa 2020, kwamba corona ndo iliwapa. Mi sio Liverpool, ila hapa msimamo wa ligi unaongea wenyewe. Ligi ya Uingereza ilisimamishwa tarehe 13 Machi 2020. Siku hiyo Liverpool ana mechi 29, kashinda 27, sare moja, kafungwa moja, pointi 82. City wa pili ana pointi 57 na mechi moja mkononi. Piga hesabu mwenyewe, alikuwa anahitaji kushinda mechi mbili tu katika tisa zilizobaki. Mechi zikarudi Juni 17, na tarehe 25 Juni Chelsea akampiga City 2-1, Liverpool akawa bingwa akiwa hata hachezi siku hiyo. Ubingwa ule ulishaisha kabla barakoa hazijaingia mjini.

Lakini usiishie hapo, mpe mwenzio haki yake pale alipo sahihi. Corona iliuharibu mpira kweli, ila msimu uliofuata. 2020/21 karibu wote ulichezwa viwanja vitupu na ikawa mara ya kwanza kwenye ligi kuu ya Uingereza timu za ugenini kushinda mechi nyingi kuliko za nyumbani. Huyo huyo Liverpool alifungwa mechi sita mfululizo Anfield. Sasa huo ndo ubishi mtamu, mashabiki wana thamani gani kwenye matokeo, na hapo hata yule aliyekuja na hasira atakaa aongee mpira. Na kama mnataka ubingwa wa mezani basi tuongelee huku kwetu, Kenya ligi haikuisha 2020 shirikisho likampa Gor Mahia, Uganda wakampa Vipers, wakati Uholanzi walikataa kumpa mtu yeyote japo Ajax na AZ walikuwa wamefungana kwa pointi 56. Bongo ligi ilirudi Juni, Simba akamalizia kazi uwanjani. Ukishamwaga hayo mezani watu wanabishana mpaka usiku na hakuna anayekumbuka nyungu.

Djokovic, yule mcheza tenisi, naye huwa anatajwa, huyo ni wa haraka. Alifukuzwa Australia Januari 2022 kwa sababu hakuchanja, Nadal akachukua lile taji la Australian Open, likawa taji kubwa (Grand Slam) la 21 kwake, mwaka uliofuata Djokovic akarudi pale pale akabeba. We tenganisha maswali mawili tu, alikuwa sahihi kukataa chanjo, na je taji la Nadal ni halali. La kwanza hamtalimaliza. La pili ni tenisi, endeleeni nalo.

Sasa kwenye shida yenyewe. Klipu ya mchezaji kaanguka. Hii inakuja na muziki wa huzuni na maandishi mekundu, majina yanapita haraka haraka, na aliyeileta anaamini kabisa, sio kwamba anataka kudanganya. Usimcheke. Muombe vitu vitatu, jina la mchezaji, tarehe na mechi. Mara nyingi ukianza kutafuta jina moja moja unakuta mle kuna wazee waliostaafu zamani, makocha, na watu waliofariki kwa mambo mengine kabisa.

Jina la kwanza huwa Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark aliyeanguka uwanjani. Tarehe 12 Juni 2021, Denmark na Finland, jioni pale Copenhagen, wote tuliona. Ndani ya saa chache dunia nzima inasema chanjo. Mkurugenzi wa klabu yake ya Italia, Inter, wakati huo, Giuseppe Marotta, alisema wazi kwamba Eriksen hakuwa amechanjwa na hakuwahi kuugua corona. Basi. Akawekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani, ligi ya Italia hairuhusu kucheza na hicho kitu, akaenda Brentford, kisha Manchester United, na Euro 2024 akafunga goli dhidi ya Slovenia.

Afu kuna hili la "zamani hawakuwa wanaanguka". Hapa nakuwaga mkali kidogo maana inawafuta watu waliokufa. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Juni 2003 pale Lyon kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara na Colombia, hajagusana na mtu, akafariki ana miaka 28, ikagundulika misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa. Miklós Fehér wa Benfica, 2004. Antonio Puerta wa Sevilla, 2007. Fabrice Muamba, mtoto wa Kinshasa, Machi 2012 akiwa na Bolton, moyo ulisimama kwa muda wa dakika 78 na akapona. Na huku kwetu, Desemba 2016, Kaitaba Bukoba, Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao, alifunga goli na muda mfupi baadaye akaanguka akafariki. Kijana wa miaka 19. Hawa wote corona ilikuwa haijajulikana duniani. Wataje kwa majina, taratibu, watu wananyamaza wenyewe.

Ila jamani msidanganye upande wa pili. Usiseme chanjo haikuwa na madhara hata kidogo kwa moyo, hapo atakushika na atakuwa sahihi. Chanjo za Pfizer na Moderna zilionekana kuleta uvimbe wa misuli ya moyo kwa watu wachache, hasa vijana wa kiume na hasa baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipata nafuu. Kirusi chenyewe nacho kinaleta uvimbe huo huo, ndio maana timu nyingi zilikuwa zinawapima moyo wachezaji waliougua kabla ya kuwarudisha. Sema yote mawili, kwa sauti ile ile. Nimeona mtu aliyekuja kupigana akilegea kabisa pale alipokubaliwa jambo moja la kweli.

Kuna wakati unatakiwa uache namba zote. Mwanzoni mwa 2021 huku Dar tulizika sana, na tangazo lilikuwa "changamoto ya upumuaji". Jamaa mmoja wa kijiweni kwetu alimpoteza mama yake mwezi huo wa pili. Miaka miwili baadaye tunabishana mpira, ikaingia corona, tukaanza kucheka habari za nyungu na yale mapapai yaliyosemekana kukutwa na corona, na mi nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote. Akainuka akaondoka bila kuaga. Nilimfuata kwake kesho yake jioni nikamwambia kaka nimekosea, nisamehe, akaniambia hakuwa na hasira ila alikumbuka sauti ya mama akitafuta pumzi. Tangu siku hiyo nikiona mtu kanyamaza ghafla nasimamisha mada. Sibishani tena mama wa mtu alikufa kwa nini. Namwambia pole, tena pembeni, sio mbele ya watu, na kama anataka kuongea namsikiliza mpaka amalize. Wa upande wa pili pia, yule anayeamini ndugu yake aliumizwa na sindano, naye ana msiba, msikilize hivyo hivyo.

Na ukitaka ile klipu iwe na faida, geuza swali. Badala ya nani kaua, uliza: akianguka mtu Jumapili hii kwenye mechi yetu ya veterani, nani anajua cha kufanya? Kwetu hakuna aliyejua. Watu kumi na nane, hakuna hata mmoja.

Basi tumejifunza, na we wafundishe wa kwenu. Mtu kaanguka mwenyewe, muite, mtikise mabega. Haitiki na hapumui vizuri, au anakoroma kwa kuvuta vuta kama samaki aliyetolewa majini, huyo moyo umesimama. Usimmwagie maji. Mmoja akatafute gari na mashine ya kushtua moyo kama hospitali ya karibu inayo, we piga magoti, kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, kandamiza chini sentimita 5 hadi 6, acha kifua kinyanyuke, tena, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Pokezaneni kila dakika mbili maana mikono inachoka haraka kuliko unavyofikiri. Msiache mpaka apumue au msaada ufike.

Tulifanyia mazoezi kwenye kiroba cha mchanga nyuma ya goli. Yule jamaa aliyempoteza mama ndo alikuwa anatuhesabia, na yule wa klipu ndo alikuwa wa kwanza kupiga magoti.