Kushuka Mto Yukon kwa mtumbwi: Whitehorse hadi Dawson City

Safari hii ya kaskazini-magharibi mwa Kanada ni ya kilomita 715 hivi. Tenga siku 14 hadi 16, kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Agosti. Mto wenyewe si mgumu, mkondo unakubeba. Kinachoua ni ubaridi wa maji, hasa kwenye Ziwa Laberge lililo njiani.

1. Vifaa. Mtumbwi wazi wa futi 17 unatosha watu wawili. Beba makafi matatu (la akiba likae mkono unapofika), upo wa kufulia maji, na kamba mbili za mita 15, moja omo (mbele ya mtumbwi) na moja tezi (nyuma). Chakula kiwe cha siku 18, ndani ya mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kubana. Dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu inunuliwe Whitehorse, maana ndege hazikubali kuibeba. Chukua pia kifaa cha mawasiliano ya setilaiti. Simu ya kawaida haishiki sehemu kubwa ya njia.

2. Kupakia. Vizito chini, katikati. Tezi izidi omo kidogo kwa uzito. Omo ikilemewa, mtumbwi haushiki njia.

3. Ziwa Laberge. Kilomita 50 hivi bila mkondo wa kukusaidia, na hapa ndipo safari nyingi hukwama. Upepo hupanda mchana, kwa hiyo ondoka alfajiri au jioni. Mwezi Juni hakuna giza la kweli. Ambaa na ukingo, usizidi mita 50 kutoka nchi kavu, hata kama kufuata kila ghuba kunarefusha njia. Mawimbi yakianza kutoa povu jeupe, toka majini, pika chai, subiri. Ukitumbukia una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za viungo kukutii, na saa 1 kabla ya kuzirai. Ndiyo maana jaketi la kuokolea huvaliwa, halikaliwi: vidole vikishakufa ganzi hutaweza kulifunga.

4. Five Finger Rapids, maji ya kasi kati ya miamba, ukishapita kijiji cha Carmacks. Miamba minne imeugawa mto njia tano. Pita ya kulia kabisa, hakuna mjadala. Hamia kulia mapema, piga magoti, ingia pale maji yanapoteleza laini katikati, omo ikitazama mawimbi, na usiache kupiga kafi. Anayeacha kafi akashika kingo za mtumbwi ndiye hupinduka. Rink Rapids, mbele kidogo, nayo ni kulia.

5. Kambi. Chagua visiwa au mafungu ya changarawe. Upepo hupunguza mbu. Jiko na chakula vikae mita 100 kutoka hema. Pandisha mtumbwi juu kabisa, uufudikize, uufunge kwenye mti. Mto unaweza kujaa usiku hata kama kwako hakukunyesha.

6. Baada ya White River, mto unaoingia Yukon. Maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na utasikia tope likichakarisha ubavu wa mtumbwi. Chujio la maji ya kunywa litaziba. Chota kwenye vijito vya pembeni, au acha ndoo itulie usiku kucha, kisha chemsha dakika 1. Njia zikigawanyika visiwani, fuata yenye mkondo mkubwa.

Ukiona Mto Klondike ukiingia kutoka kulia, Dawson iko hapo hapo, ukingo huohuo. Uwe umeshahamia kulia: ukipitwa na mji, kupanda dhidi ya mkondo huo kwa kafi ni kazi ya punda.