Kuacha tramadol bila kuumia: shuka taratibu, usikate ghafla

Hii nawaandikia wale wanaomeza tramadol, ile dawa kali ya maumivu, kila siku na wanataka kuacha, maana naona wengi mno mtaani. Mtu kaanguka na bodaboda, mguu umevunjika, kafanyiwa operesheni, karuhusiwa na pakiti zake, zikiisha anaenda famasi anaongeza mwenyewe, miezi inapita mfupa umeshaunga zamani lakini vidonge bado vipo mfukoni. Siku akisema basi leo naacha, kesho yake anaanza kupiga miayo mfululizo, makamasi na machozi, jasho, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata na kuhara, usiku miguu haitulii kitandani na usingizi hakuna. Anadhani ni malaria, au mguu umeanza upya, anameza kimoja, muda si mrefu yote yamepoa. Hapo ndo watu wanapokwama mwaka mzima.

Hiyo ni arosto, mwili unadai dawa uliyoizoea, ile ile mnayoisikia, lakini kuipata haimaanishi umekuwa teja. Mwili wa mtu yeyote ukipewa dawa za kundi hili la opioidi kila siku kwa wiki kadhaa unazoea, iwe tramadol, kodeini, DF118 (dihidrokodeini) au mofini, na haijalishi wewe ni mchungaji au mwalimu au nani. Nalisema mapema kwa sababu aibu ndo inafanya watu waache kimya kimya wamejifungia chumbani, na kuacha ghafla ndiko kunakoumiza.

Kama umemeza siku 2 au 3 tu baada ya kung'oa jino, acha tu, hauhitaji haya mengine. Ila kama ni wiki na wiki kila siku, soma yote.

Anza kwa kujua unameza ngapi hasa. Sio "viwili vitatu hivi", hapana, chukua daftari uandike siku 7 mfululizo, saa ngapi, miligramu ngapi, na maumivu yalikuwaje saa hiyo. Angalia pia pakiti imeandikwa nini, kuna za miligramu 50 za kawaida na kuna zile za 100 au zaidi zinazoachia dawa polepole mwilini, hizi za polepole usizivunje wala kuzitafuna wala kufungua kapsuli yake, dawa ya siku nzima itaingia kwa mpigo mmoja.

Halafu daftari hilo mpelekee dokta, akiwa yule aliyekuandikia ni vizuri zaidi, na mwambie ukweli wote, pamoja na zile ulizojinunulia, pombe kama unakunywa, na dawa nyingine. Tramadol inagusa pia kemikali za ubongo zinazobeba mudi, kwahiyo ukichanganya na dawa za sonona kama fluoxetini au amitriptilini hatari ya degedege inapanda, na inapanda pia kwa mwenye kifafa na kwa anayepitisha miligramu 400 kwa siku. Ukiikata ghafla inaweza kukuletea hofu kali, mwili kuchomachoma, hata kuona vitu ambavyo havipo, na hilo linawatisha sana ndugu nyumbani wanaanza kusema amerogwa.

Sasa kushuka kwenyewe. Kwa aliyemeza mwaka na zaidi, mwongozo wa CDC ya Marekani wa 2022 kuhusu dawa hizi unasema apunguze dozi takriban asilimia 10 kwa mwezi, na aliyemeza wiki au miezi michache anaweza kwenda haraka zaidi, mfano asilimia 10 kwa wiki. Kwenye vidonge vyetu hesabu haikai sawa hivyo, maana kapsuli ya 50 huwezi kuigawa. Tuseme unameza 4 za miligramu 50, jumla 200, ukitoa moja tayari umeshuka asilimia 25, hiyo ni hatua kubwa. Ndo maana muulize dokta au mfamasia kama unaweza kubadilishiwa vidonge vyenye mstari katikati vinavyokatika nusu, au dawa ya matone. Kwa nusu kidonge, kutoka 200 unaenda 175, unakaa hapo mpaka mwili utulie, halafu 150, na kuendelea. Wengi wanaona nafuu kuanza kupunguza ya mchana na kuiacha ya usiku iwe ya mwisho, kwa ajili ya usingizi. Huku chini ndo pagumu, kutoka 50 kwenda 25 ni nusu nzima ya dozi, kwahiyo hapo kaa muda mrefu zaidi. Ukielemewa, simama hapo hapo ulipo, mwambie dokta, hakuna anayekukimbiza.

Kipindi hicho kunywa maji mengi, ukihara tumia ORS, kwa maumivu ya mguu tumia parasetamoli bila kupita gramu 4 kwa siku, maji ya moto na mazoezi mepesi yanasaidia sana ile miguu isiyotulia. Usijitibu usingizi kwa diazepamu ya kununua wala kwa pombe, zikikutana na tramadol zinaweza kuzima pumzi. Mchague mtu mmoja nyumbani, mke, kaka, yeyote, ndiye atunze pakiti na akupe za siku hiyo tu.

Mjamzito asijaribu mwenyewe kabisa, arosto kali inaweza kuhatarisha mimba. Mgonjwa wa kansa anayetumia mofini naye asipunguzwe na ndugu wanaoogopa "atazoea", dawa yake inampa siku za kuishi bila mateso, aamue yeye na dokta wake. Degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila unachokunywa, au mawazo ya kujiua, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata saa nane usiku. Na kama unaona unazitafuta hata bila maumivu na kushuka kunashindikana kila mara, sema hivyo hivyo hospitali, wapo wanaotibu hilo, Muhimbili walianza kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa aina hii, tangu 2011.

La mwisho nawaomba mlishike. Ukishashuka, uwezo wa mwili kuhimili dozi kubwa unapotea haraka, mtu anayerudia zile alizokuwa anameza miezi iliyopita anaweza kusinzia asiamke. Ukimkuta mtu haamki, anapumua kwa taabu, midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali, ipo dawa ya kuzindua, naloksoni. Zilizobaki ndani usizifiche "kwa dharura" wala kumpa jirani mwenye mgongo, zirudishe famasi ya hospitali.