Paa Linavuja: Ubandike Kiraka au Uezeke Upya?

Mwezi wa Aprili nusu ya Nairobi inavuja na sisi mafundi hatupatikani. Nipigie Januari au Februari, kabla ya masika, tuongee bei bila presha.

Usimwamini fundi aliyekagua paa akiwa amesimama chini, hata kama ni mimi. Jibu liko darini. Panda mchana, funga mlango wa dari, na penye tundu utaona mwanga. Tia alama ya chaki. Kanyaga mbao tu. Ukikanyaga silingibodi utajikuta sebuleni. Na usidhani maji yanaingia pale yanapodondokea: huteleza na mbao mpaka yapate pa kushukia, kwa hiyo fuata michirizi kwenda juu.

Kisha shika bisibisi, dunga kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, hasa miguu yake inapokalia ukuta. Ikigoma, mbao ni nzima. Ikizama, au ukimwagika unga wa mchwa, habari ya kiraka imeisha. Mama mmoja wa Kayole alishanunua mabati ya rangi, akaniita nipigilie tu. Tulipoezua, mbao za upande wa gata zilikuwa zimebaki ganda, ndani hamna kitu. Mabati yakakaa uani, pesa iliyobaki ikaenda kwa mbao.

Kama mbao ni nzima, mara nyingi mwenye makosa ni msumari: jua limekausha mpira wa chini ya kichwa hadi ukapasuka. Ng'oa, weka mrefu zaidi wenye mpira mpya, na uupigilie kwenye mgongo wa bati, si kwenye mfereji maji yanapopita. Kutu isugue kwa brashi ya waya. Chuma kikibaki kigumu, paka rangi ya kuzuia kutu. Brashi ikitoboa, bati hilo litoke. Yakiwa mawili matatu, badilisha hayo tu. Yakipita robo ya paa, mimi nasema ezua lote, la sivyo utalipa ufundi kila mvua.

Dukani uliza geji, yaani namba ya unene wa bati. Ya 32 ni nyembamba kuliko ya 28, na muuzaji hana haraka ya kukueleza.

Paa la asibesto ni kesi nyingine. Usikate, usitoboe, usisugue. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Hiyo mimi siigusi.