Nepenthesi kwenye roshani za Pwani: ogopa chumvi kuliko jua

Mpenzi wa nepenthesi, mmea unaokula wadudu, aliyeko Ulaya hutumia pesa nyingi kununua taa, hita na mashine za kutoa mvuke ili mmea wake uone joto na unyevu. Wewe unayeishi ghorofani Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja unavipata vyote viwili bure kwenye roshani yako. Mchana joto hufika nyuzi 28 hadi 32, usiku ni nadra kushuka chini ya 18, na asubuhi hewa imejaa unyevu.

Mmea huu unaonasa wadudu kwa vitungi vinavyoning'inia kwenye ncha za majani ni wa nchi za joto hasa. Aina zinazojulikana ni zaidi ya 150, nyingi zikitoka Borneo, Sumatra na Ufilipino. Bara la Afrika halina hata moja ya asili, lakini Bahari ya Hindi inazo karibu nasi: Nepenthes pervillei huota kwenye miamba ya visiwa vya Mahé na Silhouette huko Shelisheli, na Nepenthes madagascariensis iko mashariki mwa Madagaska, ambako Mfaransa Étienne de Flacourt aliiandika mwaka 1658.

Kwa hiyo mazingira yetu yanaufaa. Kinachoiua mimea mingi Pwani ni chumvi: ya kwenye maji ya kisima, ya kwenye makumbi, ya kwenye mbolea, na hata ile inayoletwa na upepo wa bahari. Kwao, nepenthesi huota kwenye udongo uliooshwa na mvua hadi ukabaki hauna kitu. Ndiyo maana hutafuta naitrojeni kwa kunasa wadudu, na ndiyo maana mizizi yake haivumilii vyakula vikali. Ukiutoa mmea kwenye chungu utakuta mizizi myembamba na myeusi. Usidhani imeoza, hiyo ndiyo rangi yake. Iliyooza hulegea na ganda lake huvuliwa kirahisi ukiigusa. Mizima ni mikavu kidogo na hukatika ukiikunja. Ishike kwa upole.

Maji kwanza

Maji yanapokauka kwenye chungu, chumvi haiondoki. Leo inabaki kidogo, kesho kidogo, na baada ya miezi michache utaona ukoko mweupe juu ya udongo, ncha za majani zinakuwa kahawia, kila jani jipya linatoka dogo kuliko lililotangulia, na vile vichipukizi vya vitungi vinakauka kabla havijafunguka. Watu wengi wakifika hapo huongeza mbolea, na mmea hufa haraka zaidi.

Maji bora ni ya mvua. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Kibati cha mita 2 za mraba juu ya roshani, mvua ikinyesha milimita 20, kinakupa karibu lita 40, na hizo zinatosha mimea michache kwa wiki kadhaa. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ziache zioshe bati, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Baada ya hapo kinga, jaza madumu wakati wa masika na vuli, na uyafunge barabara.

Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ni haba, ndipo kazi inapokuwa ngumu. Maji ya kisima karibu na bahari usiyatumie kabisa. Maji ya bomba ukiyaacha wazi usiku kucha klorini hupungua, lakini chumvi inabaki vilevile. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, chumvi inabaki yote, kwa hiyo yanakuwa makali zaidi. Chujio la kawaida la maji ya kunywa nalo huondoa uchafu, si chumvi iliyoyeyuka. Mtambo wa osmosisi ndio unaoiondoa, na baadhi ya wauza maji ya jumla wanao, waulize. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yana chumvi kidogo sana na wakuzaji wengi huyatumia, ila usiyakinge siku ambazo fundi ameosha kiyoyozi kwa dawa.

Ukipata kipima TDS, kile kidogo cha mfano wa kalamu kinachosoma kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, utaacha kubahatisha. Kikisoma chini ya 50 (ppm, yaani miligramu kwa lita) maji ni mazuri. Yakizidi 100, yaache. Ukilazimika kutumia yenye chumvi kiasi kwa siku chache, mvua ikirudi mwagia chungu maji mengi yapite mpaka chini, mara tatu au nne mfululizo, ili yaoshe kilichojikusanya.

Mwagilia kutoka juu hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini. Wakati wa kaskazi huenda ukahitaji kila siku. Wakati wa masika, gusa kwanza. Udongo uwe na unyevu daima, lakini chungu kisikae ndani ya sahani ya maji, kwa sababu mizizi inataka hewa.

Makumbi, lakini si ya ufukweni

Udongo wa shamba, samadi, mboji na mchanganyiko wa miche ya mboga havifai hata kidogo. Tunataka kitu kikonde, chenye kushika unyevu na kupitisha hewa. Mchanganyiko unaokubalika kote ni nusu sfagnamu, ile kuvumwani laini (moss) iliyokaushwa wanayotumia wapanda okidi, na nusu vitu vya chengachenga kama perilaiti, zile punje nyeupe nyepesi, au mawe mepesi ya volkano, yale ya kusugulia nyayo, yakiwa yamepondwa.

Sfagnamu ni ghali na haipatikani kila mahali. Sisi tuna makumbi ya nazi, na yanafanya kazi nzuri yakitayarishwa vizuri. Hapa kuna mtego. Makumbi mengi ya Pwani hufukiwa kwenye tope au mchanga wa ufukweni kwa miezi ili yaoze na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Makumbi hayo yamelowa maji ya bahari mpaka ndani. Usiyaguse. Chukua makumbi makavu kwa muuza nazi, yaliyofuliwa siku chache zilizopita, uyakate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uyaloweke kwenye maji baridi kwa siku nzima. Maji yatatoka mekundu kama chai ya rangi. Mwaga, loweka tena, na urudie. Kama una kipima TDS, endelea mpaka maji ya kulowekea yasome karibu sawa na yale uliyomimina. Hata makumbi yaliyoota mbali na bahari yana chumvi zake za asili, kwa hiyo kuosha si hiari.

Changanya makumbi hayo na mawe ya volkano, na ukipenda weka vipande vya mkaa uliooshwa majivu. Tumia chungu cha plastiki. Cha udongo kinapendeza, lakini hunyonya chumvi na kuihifadhi kwenye kuta zake, na kwenye upepo hukauka haraka mno.

Jua na upepo

Maelekezo mengi ya kigeni husema uweke mmea dirisha la kusini. Huko kwao ni sahihi, kwa sababu jua lao la adhuhuri daima liko kusini. Dar es Salaam jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, kisha huhamia kusini. Roshani ya kusini kwetu ina kivuli karibu kipindi chote cha katikati ya mwaka, halafu Desemba inapigwa jua. Iliyo bora ni ya mashariki, inayopata jua la asubuhi hadi kama saa nne na mwanga mweupe siku nzima. Ya magharibi hufaa ukifunga neti ya kivuli ya asilimia 50, maana jua la alasiri hukuta ukuta umeshapata moto.

Mmea wenyewe utakuambia. Majani mapana ya kijani kibichi yasiyo na vitungi yanaomba mwanga. Wekundu kidogo kwenye jani ni dalili njema. Mabaka meupe yaliyokauka ni kuungua.

Upepo wa kusi, hasa kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu, hukausha vitungi vichanga. Sogeza chungu karibu na ukuta na ukizungushie mimea mingine yenye majani mengi. Kwenye roshani inayotazama bahari, osha majani kwa maji ya mvua kila baada ya siku chache.

Vitungi, chakula na mbu

Ukinunua mmea, vitungi ulivyokuja navyo huenda vikakauka vyote. Usiuhamishehamishe, upe miezi miwili au mitatu. Maji yaliyomo kwenye kitungi ni ya kumeng'enyea chakula, usiyamwage. Yakimwagika safarini, weka maji safi yafike robo ya kitungi.

Kulisha hakuhitajiki roshanini. Sisimizi hufuata utamu unaotoka kwenye mdomo wa kitungi, huteleza na kuzama. Nyama na mayai huoza na kuua kitungi. Mbolea isiingie kwenye udongo kamwe. Ukiona lazima, yeyusha mbolea ya okidi kwa robo ya kipimo cha kawaida na uweke matone ndani ya vitungi vilivyokomaa, mara moja kwa mwezi.

Ukiambiwa mmea huu unamaliza mbu nyumbani, usikubali. Mawindo yake makubwa ni sisimizi, na huko Asia zipo aina za mbu zinazozaliana ndani ya vitungi vyenyewe. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye vyombo vya maji. Funga madumu, ondoa sahani, na chungulia vitungi vipana kila wiki. Ukiona viluwiluwi, hapo ndipo unaruhusiwa kumwaga, kisha weka maji safi kidogo. Roshani isiyo na paa usiweke Nepenthes ampullaria, maana kifuniko chake kimegeukia nyuma na kitungi kinakinga mvua yote.

Kununua na kuzidisha

Anza na ventrata, chotara wa Kifilipino anayestahimili Pwani na hata Nairobi au Arusha. Ukizoea, tafuta N. mirabilis, N. gracilis au N. rafflesiana. Aina za milimani kama N. rajah wa mlima Kinabalu huko Borneo zinataka usiku wa baridi, Pwani zitakufa. Nepenthesi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo ukiagiza nje anza na kibali na cheti cha afya ya mimea; ulizia kwa mamlaka ya afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Mbegu za mtandaoni ziache. Hupoteza uhai mapema, na zikiota utasubiri miaka.

Kipandikizi ni njia ya uhakika zaidi. Kata shina lenye vifundo viwili au vitatu kwa wembe safi, punguza kila jani nusu, chomeka kwenye sfagnamu yenye unyevu, kisha funika kwa mfuko wa plastiki angavu na uweke kivulini. Mizizi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Jani jipya likifunguka, toboa mfuko tundu moja kila baada ya siku mbili tatu, na uuondoe kabisa wiki mbili baadaye.