Kupeleka plagini yako kwenye hazina ya QGIS: kanuni za jumuiya, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye plagini yake (nyongeza ndogo ya QGIS, programu huria ya kutengeneza ramani) tayari inafanya kazi kwenye kompyuta yake, pengine na za wenzake wawili watatu ofisini, na sasa anataka kuiweka kwenye hazina rasmi ya QGIS ili yeyote duniani aipakue. Sitafundisha Python. Plagini nyingi hukwama mlangoni kwa sababu ya leseni, jina, maelezo, au takataka zilizosahaulika ndani ya zip, wakati msimbo wenyewe hauna tatizo kubwa.

Kwa mfano tuseme umetengeneza plagini iitwayo Chora Bikoni. Inasoma orodha ya koodineti za bikoni (alama za pembe za kiwanja) kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) na kuchora mipaka ya kiwanja. Kazi hii mpima ardhi yeyote wa Tanzania au Kenya anaijua.

Hatua ya 1: Tafuta kama ipo tayari

Fungua menyu ya Plugins, tafuta kwa maneno tofauti, kisha sakinisha zile zinazokaribiana na yako uzijaribu. Ukikuta inayofanya asilimia kubwa ya unachotaka, mwandikie mwenye nayo au mpelekee marekebisho kwenye hazina yake ya msimbo. Jumuiya haipendi plagini tano zinazofanya jambo lilelile, kila moja ikiwa na mtunzaji mmoja aliyechoka. Kama yako ina tofauti ya kweli, iandike tofauti hiyo waziwazi kwenye maelezo.

Hatua ya 2: Leseni

QGIS inatolewa chini ya GNU GPL, toleo la 2 au la baadaye, na plagini inayotumia maktaba zake inatakiwa kuwa na leseni inayopatana na hiyo. Weka faili liitwalo LICENSE ndani ya folda ya plagini, bila kiambishi cha .txt mwishoni. Unaruhusiwa kulipwa kwa kuitengeneza, kuifundisha au kuihudumia. Usichoruhusiwa ni kuifungia msimbo wake.

Kagua pia vitu ulivyookota: aikoni, kipande cha msimbo kutoka kwa mtu mwingine, mafaili ya mipaka ya wilaya. Kitu kupatikana bure kwenye intaneti hakukupi ruhusa ya kukisambaza.

Hatua ya 3: Jina

Usiweke neno "plugin" kwenye jina. Kila kitu humo ndani ni plagini. Jina la folda liwe na herufi za kawaida, tarakimu, kistari au mstari wa chini tu, na lisianze na tarakimu. Lichague kwa utulivu, maana folda ndiyo utambulisho wa plagini: toleo lijalo likija na folda ya jina jingine, halitahesabiwa kuwa plagini ileile.

Hatua ya 4: Faili la metadata.txt

Hapa ndipo wakaguzi wa hazina hutazama kwanza, na watumiaji pia. Faili dogo linalotosha linaonekana hivi:

```
[general]
name=Chora Bikoni
qgisMinimumVersion=3.22
description=Draw parcel boundaries from beacon coordinates
about=Reads a CSV of beacon coordinates (Arc 1960 or WGS 84, UTM) and builds parcel polygons. Made for survey work in Tanzania and Kenya. No external libraries needed.
version=0.1.0
author=Jina Lako
email=jina@example.org
repository=https://example.org/chora_bikoni
tracker=https://example.org/chora_bikoni/issues
experimental=True
```

Maelezo yanaandikwa kwa Kiingereza kwa sababu mkaguzi anaweza kuwa Ureno au Indonesia. Baada ya Kiingereza unaweza kuongeza sentensi chache za Kiswahili kwenye about, nami nakuhimiza ufanye hivyo. Kama plagini inafaa nchi fulani tu, sema. Mtu wa Brazil asipoteze asubuhi yake akijaribu kuelewa kwa nini koodineti zake zinaangukia Bahari ya Hindi.

Viungo vya repository (palipo msimbo) na tracker (pa kuripoti makosa) viwe hai. Folda tupu kwenye GitHub au GitLab haitoshi, mkaguzi ataifungua. Kanuni hii ina historia. QGIS 3.0 ilipotoka Februari 2018, ikihama kutoka Python 2 kwenda Python 3, plagini za zamani hazikuweza kuendelea bila kurekebishwa. Zile zilizokuwa na msimbo wazi mahali panapojulikana ziliweza kuokolewa hata na watu baki. Nyingine ziliishia hapo.

Jambo dogo linalowashtua wengi: usipoandika qgisMaximumVersion, plagini yenye kiwango cha chini cha 3.22 inahesabiwa kuishia 3.99. Kwa watumiaji wa QGIS 4 haitaonekana kabisa mpaka uitangaze. Usiitangaze kabla ya kuijaribu huko.

Hatua ya 5: Iwe na adabu kwenye kompyuta ya mtu mwingine

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu kompyuta yako inakudanganya. Ina maktaba ulizosakinisha zamani ukasahau, njia za mafaili unazozijua, na mfumo mmoja tu wa uendeshaji.

Anza na njia za mafaili. Tafuta kwenye msimbo wako maneno kama "C:\" na "Desktop". Ukiyakuta, yaondoe. Plagini inatarajiwa kufanya kazi Windows, Linux na macOS. Kama haiwezi, liandikwe hilo kwenye about.

Kisha maktaba za nje. QGIS ya Windows huja na Python yake yenyewe, kwa hiyo pandas uliyosakinisha kando haimsaidii mtumiaji wako. Je, unaihitaji kweli? Kusoma CSV ya bikoni thelathini hakuhitaji zaidi ya moduli ya csv iliyomo ndani ya Python. Kama maktaba ni ya lazima, itaje kwenye about, na plagini inapowaka iangalie kama ipo na itoe ujumbe unaoeleweka. Kuisakinisha kimyakimya bila kumuuliza mwenye kompyuta ni utovu wa nidhamu. Na usipakie programu zilizokwisha kutafsiriwa kuwa .exe au .dll: hazina haizipokei, kwa kuwa hakuna mkaguzi anayeweza kusoma kilichomo.

Unapoita vitu vya Qt, maktaba inayochora madirisha na vitufe vya QGIS, andika `from qgis.PyQt import ...` badala ya kutaja PyQt5 moja kwa moja. Mstari huo mmoja utakupunguzia kazi kubwa ya kuhamia Qt6. Kwa maombi ya intaneti tumia QgsNetworkAccessManager, ambayo inaheshimu mipangilio ya proksi (kompyuta ya kati ya kupitia kwenda intaneti). Ofisi nyingi za serikali na vyuo hupita humo. Nywila zikae kwenye mfumo wa uthibitishaji wa QGIS, zisiandikwe wazi kwenye mipangilio.

Halafu mahali pa kitufe. Plagini ya kuchora poligoni iende kwenye menyu ya Vector. Usijitengenezee menyu yako kuu pale juu kana kwamba QGIS ni yako.

Kwa Chora Bikoni kuna moja zaidi: usikisie mfumo wa koodineti. Ramani nyingi za zamani za upimaji Afrika Mashariki ziko kwenye Arc 1960, mfano mfumo wenye namba EPSG:21037 kwa kanda ya UTM ya 37 Kusini, ilhali simu na GPS za mkononi hutoa WGS 84, ambayo kwa kanda hiyo ni EPSG:32737. Ukichanganya hizo mbili kiwanja kinahama takribani mita 300, na hakuna kosa lolote litakaloonekana kwenye skrini. Mlazimishe mtumiaji achague.

Hatua ya 6: Maelekezo na data ya majaribio

README yenye picha mbili na CSV ndogo ya mfano inatosha. Lakini CSV hiyo uitunge. Usichukue faili la kazi ya kweli lenye majina ya wamiliki na namba za viwanja, hata kama umefuta safu moja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na kitu kikishaingia kwenye historia ya Git (mfumo unaotunza matoleo yote ya msimbo), kukitoa ni kazi.

Hatua ya 7: Funga zip

Usibofye tu kitufe cha kulia na kukandamiza folda. Utabeba .git, __pycache__ na __MACOSX, na hazina itaukataa mzigo. Kama mafaili ya plagini yako kwenye mzizi wa Git, fanya hivi:

```
git archive --format=zip --prefix=chora_bikoni/ -o chora_bikoni.zip HEAD
```

Amri hii inachukua tu yale uliyokwisha kuyahifadhi kwenye Git na kuyaweka ndani ya folda moja. Kisha fungua wasifu mpya wa QGIS, usio na kitu, na usakinishe zip hiyo humo kwa chaguo la Install from ZIP. Ikigoma hapo, itagoma kwa wengine.

Hatua ya 8: Pakia, kisha subiri

Jisajili kupata utambulisho wa OSGeo (taasisi ya programu huria za ramani), ingia plugins.qgis.org, upakie. Plagini mpya hupitiwa na wakaguzi wa kujitolea kabla ya kuidhinishwa. Wakiomba marekebisho, rekebisha, ongeza namba ya toleo, pakia tena. Namba iliyokwisha kutumika haipokelewi. Wajibu kwa kifupi, na usiwaandikie kila siku kuuliza imefikia wapi.

Acha `experimental=True` katika matoleo ya mwanzo. Plagini za namna hiyo huonekana tu kwa aliyeruhusu zionekane kwenye mipangilio, na mtu huyo anajua anajaribu kitu kibichi.

Hatua ya 9: Baada ya kuidhinishwa

Ripoti za makosa zitakuja, nyingine zikiwa na sentensi moja tu: "haifanyi kazi." Omba toleo la QGIS, mfumo wa uendeshaji, na ujumbe kamili wa kosa. Weka fomu yenye maswali hayo kwenye tracker ili usiyarudie kila mara.

Siku utakapokosa nafasi ya kuitunza, tangaza kwenye README kwamba unatafuta mrithi, kisha umwongeze kuwa mmiliki mwenza kwenye ukurasa wa plagini huku ukiwa bado una nywila yako. Asipopatikana, weka `deprecated=True` (yaani imeachwa) na utaje plagini mbadala kwenye about.